Zilikuwamo

Mahakama ya Makadara, chumba nambari tatu,
feni imekufa tangu Januari.
Mimi ndiye mkalimani. Nasimama
kati ya kizimba na meza ya hakimu,
nikimeza huku, nikitema kule.

Wakili Ondieki anapenda virai virefu.
Kiingereza chake huja kama msafara wa mkubwa Barabara ya Ngong:
king'ora kwanza, ndicho kielezi,
kisha pikipiki moja fupi, kihusishi,
halafu vivumishi, magari meusi, moja, mbili, tatu, vioo juu,
nasi wengine tumesukumwa kando tukingoja
hadi mwisho kabisa apite mwenyewe, nomino,
akipunga mkono.
Siwezi kufungua kinywa kabla hajapita.

Kwetu nomino hutangulia.
Kabati hutoka mlangoni kwanza,
na nyuma yake kubwa, la kijani, lililofungwa,
wanafuata wakivaa sare ya mama yao.

Utotoni, Jericho, mwalimu Nekesa
alitufunza vihusishi vya Kizungu kwa mwiko wa ugali.
Nilivisikia vyote kama maneno ya nyumbani:
ini, lile la mbuzi,
ati, ya mtu mmbea,
tu, ya aliyebakiwa na shilingi kumi.
Nikaandika daftarini: ini la sanduku.
Nikachapwa tano.
Hadi leo sioni kama nilikosea sana.
Kilichomo ndani ya kitu, si ndilo ini lake?

Jumanne akapanda kizimbani Bi. Mwanakheri,
mzaliwa wa Pate, muuza vitenge Eastleigh,
mweka hazina wa chama cha kina mama kumi na wanane.
Akaulizwa pesa zilikuwa wapi asubuhi ile.
"Zilikuwamo mezani," akasema.
Nami nikamgeukia hakimu
nikaziweka juu ya meza.

Juu. Wazi.
Palipofikiwa na mkono wa kila apitaye,
na mkono wa Makokha, kijana wa kufagia, ulipita.
Karani akaandika. Kalamu haikusita.

Usiku, Umoja, nakaanga mayai,
silabi ikanirudia
kama chenji niliyosahau kuhesabu.
Mo.
Yule mama hakusema juu.
Alisema ndani, ndani ya droo,
ile ndogo, ya chini, iliyofungwa,
ambayo Makokha hakuwahi kushika ufunguo wake.
Mayai yakaungua.

Sisi wa Nairobi tulizitupa po na mo zamani.
Tumebaki na ko, moja, ya kazi zote:
pesa iko, stima haiko, bosi ako, Mungu ako.
Hatuulizi kama kitu kimelala juu,
kimeegemea kando,
au kimejikunyata tumboni mwa kingine.
Iko. Basi.
Nikamsikiliza mtu wa Pate kwa sikio la Jericho.

Ijumaa ni hukumu.
Nimeandika sentensi yangu nyuma ya risiti ya maji,
kwa Kiingereza, kwa mpangilio wa msafara,
king'ora, pikipiki, magari meusi,
na droo mwisho kabisa, peke yake.
Nimeisoma mbele ya kioo mara saba.
Mara ya nne sauti ilikatika penye kihusishi,
penye kile kineno kidogo kisichobeba mzigo wowote
ila kuonyesha mzigo uko wapi.

Wenzangu wa ofisini wanasema nyamaza,
kazi ya kandarasi haina kosa, ina mwisho tu.

Hakimu atavua miwani.
Ataniuliza, kosa lenyewe ni la ukubwa gani?
Herufi mbili, nitasema.
Herufi mbili, Mheshimiwa,
na kijana wa watu yumo.